Nani Alikaza Nati ya Mbele

Ilikuwa siku ya nne mashemeji wawili hawasemezani, na karakana yao ya baiskeli haina ukubwa wa kubeba ununaji wa namna hiyo. Ni chumba kimoja, mlango mmoja, meza moja ya chuma yenye jiliwa ya kubania vyuma. Ukinuna humo ndani, lazima umnunie mwenzako puani.

Mmoja ni mume, mwingine ni ndugu wa mke. Mume ana miaka arobaini na mbili, mwembamba, mtu wa kuangalia kitu mara tatu. Akifunga mlango anausukuma aone kama umefungika kweli, anafika njia panda, anarudi kuusukuma tena. Shemeji yake ndiye aliyembatiza jina la Roho Juu, na mtaa mzima ukalidaka. Huyo Shemeji naye ni mnene, mcheshi, ana mikono ya chuma na mdomo usio na breki. Kazi anaiweza vizuri tu, ila anaifanya huku anacheka, na hilo Roho Juu hajawahi kulielewa mpaka leo.

Ugomvi ulianza kwa utani, kama kawaida ya mashemeji. Mwaka juzi mke wa Roho Juu alikuwa kwenye mbio za baiskeli za kuchuja waendeshaji wa timu, na mumewe, aliyekuwa kasimama pembeni ya barabara, akasikia tik-tik-tik kwenye baiskeli ya mkewe alipopita. Bwana mkubwa akakimbia, akakata kona, akamrukia mbele kwa mikono miwili, akamsimamisha. Wakatafuta ile tik-tik. Ikawa ni jani kavu limenasa kwenye spoku. Jani! Mama wa watu akakosa nafasi kwa sekunde ishirini.

Hakumpigia kelele. Jioni ile, huku analoweka miguu kwenye beseni, alimwambia maneno machache: "Ukinisimamisha tena, baiskeli yangu itatafuta fundi mwingine." Roho Juu akaapa. Kwa mtu anayekula kwa spana, kuambiwa na mke wako kwamba atapeleka baiskeli kwa fundi mwingine si maneno ya kuchukulia mzaha.

Sasa Jumanne ya wiki hiyo Shemeji akawasimulia wateja kisa hicho, tena kwa vitendo, mikono kaitanua kama mtu anayefukuza kuku. Wateja hawana mbavu. Roho Juu naye, aliyekuwa akiinamia mnyororo, akainuka akamjibu mbele yao wote: "Afadhali mimi niliyesimamisha mara moja. Wewe kila unachokikaza, ukienda nyumbani mimi nakikaza upya."

Ulimi hauna mfupa. Kicheko kikakatika palepale. Ubaya wa neno lile ni kwamba lilikuwa kweli, na Shemeji alilijua ni kweli mara tu lilipotoka. Akavua aproni, akaitundika, akaenda zake. Kesho yake alirudi kazini bila salamu, na kuanzia hapo hawakusemezana hata kuombana bisibisi.

Hapo itabidi unisikilize kidogo mambo ya ufundi, la sivyo hutaelewa kwa nini watu wazima hawa nusura wachanganyikiwe. Katikati ya gurudumu la baiskeli kuna chuma kiitwacho ekseli, na gurudumu linakizungukia juu ya gololi. Gololi hizo zinabanwa na koni, kijichuma chenye hesi kwenye ekseli, na koni unaisogeza kwa spana nyembamba kama biskuti. Ukiibana mno, gurudumu linakuwa zito. Ukiilegeza mno, gurudumu linacheza huku na huku. Ukishaipatia, unaishikilia hapohapo kwa spana moja, na kwa spana ya pili unakaza nati ya nje ili koni isihame. Usipoishikilia, ukikaza nati inaburuta koni nayo. Usipoikaza nati, koni inatembea yenyewe barabarani, na mwisho wake usiniulize.

Mafundi wengi hufanya kazi hiyo peke yao. Hawa waliizoea wawili, tangu walipokuwa wanajifunza. Roho Juu anashika koni, maana vidole vyake vinasikia. Shemeji anakaza nati, maana ana nguvu. Na lazima waitane. "Umeshika?" "Nimeshika." "Nakaza." "Kaza." Ndipo gurudumu linatoka mezani. Hawajawahi kulitoa bila maneno hayo, na hawajawahi kurudishiwa gurudumu.

Ijumaa jioni, mke alileta baiskeli yake ya mbio, ile nyembamba yenye usukani wa kujikunja. Kesho yake alfajiri alikuwa anakwenda kwenye mbio za kuchuja, kwa mara ya mwisho, maana alikuwa na miaka thelathini na sita na mwakani wasingemchukua hata kwa hisani. Gurudumu la mbele linacheza, akasema. Akawatazama, mmoja amegeukia ukuta huu, mwingine ule.

"Na kesho mbaki hapahapa wote wawili," akasema. "Sitaki kumwona mtu barabarani. Mnavyonuna hivyo, mtanitia gundi kwenye tairi." Akaenda kulala mapema.

Roho Juu akalifungua gurudumu, akapaka grisi, akaisogeza koni nukta kwa nukta mpaka vidole vyake vikaridhika. Kisha akaishika, akasubiri. Shemeji alikuwa amempa mgongo, anajaza upepo tairi la mtu. Kumwita? Hata! Aanze yeye, aliyechekwa mbele ya wateja? Akaliweka gurudumu mezani na spana zote mbili juu yake, kama mtu aliyeacha barua, akatoka mlangoni kumsikiliza mteja wa pancha. Aliporudi, gurudumu lilikuwa limeshaingia kwenye uma wa mbele, wenzo wa kulifungia umebanwa, na spana zimetundikwa kwenye misumari yake.

Akajua limekazwa. Na safari hii, yeye Roho Juu, hakurudia. Mkono ulimwasha, nakwambia, lakini alijizuia. Angerudia mbele ya Shemeji, lile neno la Jumanne lingekuwa limesemwa mara ya pili. Akajikaza kisabuni, akazima taa, akajisifu moyoni kwamba na yeye sasa amekuwa mtu mzima.

Haya. Jumamosi asubuhi, saa tatu kasoro dakika kumi, Roho Juu alikuwa na gurudumu la mwalimu mmoja mezani, nalo linacheza vilevile. Akaisogeza koni. Ikakaa sawa. Akaishika, na mazoea yakamfanya asubiri. Shemeji kule kwenye stuli anapanga pancha zake wala hageuki. Roho Juu akaona itabidi akaze mwenyewe, akanyoosha mkono kuchukua spana ya pili, na hapo mkono ukamwishia njiani.

Jana yule alikazaje bila mimi kushika?

Alilirudia swali hilo kichwani. Miaka kumi na mmoja hajamwona shemeji yake akikaza nati hiyo peke yake. Hata siku moja.

"Shemeji," akasema.

Shemeji akageuka polepole, uso umejaa ushindi, kwa kuwa alikuwa ameweka nadhiri hatakuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Ehee. Leo mabubu wanaongea."

"Jana ile nati ya mbele uliikazaje peke yako?"

"Nati ipi?"

"Ya gurudumu la dada yako!"

Ule ushindi ukafutika. Shemeji akasimama, pancha zikamwagika miguuni. "Mimi sikukaza nati. Nilikuta gurudumu mezani na spana juu yake, nikajua umeshamaliza. Nikalirudisha kwenye uma, nikatundika spana." Akamsogelea. "Si ulikaza wewe?"

"Mimi nilikuachia wewe."

"Uliniachiaje bila kusema?"

"Na wewe ulipachikaje bila kuuliza?"

Wakatazamana. Nani asiyejua walichokiona wote wawili? Njia ya mbio ilikuwa kilomita arobaini za tambarare, kisha kilima cha kilomita kumi na moja, kisha mteremko. Mteremko wa kilomita tisa, kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Na yule mwanamke akiteremka hashiki breki mpaka aone kona usoni. Kwenye tambarare koni isiyofungwa itatikisika tu. Kwenye kupanda ataiona kama usumbufu. Lakini kwenye mteremko, kwa mwendo ule, gurudumu la mbele likianza kucheza, usukani unamtoka mtu mikononi.

Roho Juu akatoa simu, akampigia mkewe. Simu ikalia mfukoni mwake mwenyewe, mfuko wa kushoto. Mkewe alikuwa amempa jana aishike, waendeshaji hawaruhusiwi simu. Akapiga namba ya waandaaji iliyoandikwa kwenye karatasi ya mbio. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Ameanza saa mbili na robo," akasema Shemeji, naye anahesabu kwa vidole kama mtoto. "Tambarare saa moja na ushee. Kilima, nusu saa na kitu. Saa nne kamili atakuwa juu."

"Saa nne kamili," akarudia Roho Juu. Wakatoka mbio, mlango wakauacha wazi. Roho Juu, mlango wazi! Safari hiyo hakurudi kuusukuma.

Mlango wa pili kuna muuza mayai, na muuza mayai ana pikipiki. Alikuwa anafunga trei nyuma yake.

"Tupe pikipiki," akasema Roho Juu.

"Hata salamu?"

"Dada yangu anakwenda kufa!" akafoka Shemeji.

Muuza mayai aliwatazama, akaona kwamba leo hakuna utani, akaanza kufungua kamba za trei. Alifungua moja moja, kwa adabu zote, trei hii hapa, trei ile pale, akieleza kwamba breki ya nyuma ni ya kubembeleza na gia ya pili huingia ikipenda. Roho Juu alitaka kumpiga. Shemeji akabeba trei zote zilizobaki kwa mkupuo mmoja, akaziweka chini, na mayai mawili yakapasuka. "Twende, shemeji!" akasema, na Roho Juu akapanda nyuma akiwa na zile spana mbili nyembamba mkononi. Hakukumbuka alizichukua saa ngapi.

Barabara ya mbio ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walipita njia ya machimbo ya kokoto, inayozunguka kilima kwa nyuma. Njia yenyewe ni mashimo matupu. Gia ya pili ilikuwa haipendi kabisa. Shemeji anaendesha, jasho linamtiririka shingoni, na Roho Juu nyuma yake anasema peke yake.

"Labda imeshikilia. Wenzo unabana ekseli, na ekseli ikibanwa, nati inaweza kukaa."

"Inaweza," akasema Shemeji.

"Au haiwezi."

"Shemeji, nyamaza."

"Nilitaka kurudia. Wallahi mkono uliniwasha. Nikasema ukiniona utasema nimekudharau tena."

Pikipiki ikaingia shimoni, ikatoka. "Ungerudia tu," akasema Shemeji. "Ningenuna wiki nzima, lakini ungerudia tu."

Kwenye lango la machimbo wakakuta mlinzi, na kizuizi kimeshushwa, na lori la kokoto limekwama katikati likijaribu kugeuza. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Lori likaenda mbele hatua moja, likarudi nyuma hatua moja. Dereva wake anatafuna mua, hana habari. Roho Juu akashuka, akamlilia. Nasema akamlilia, sikosei neno. Mtu mzima mwenye ndevu alishika dirisha la lori huku machozi yanamlengalenga, akasema mke wangu, mke wangu, na zaidi ya hapo hakuweza. Dereva akatema mua, akalipandisha lori lake juu ya kifusi upande mmoja, likainama vibaya, mlinzi akainua kizuizi, na pikipiki ikapita ubavuni mwake kwa upana wa kiganja.

Pale juu ya kilima, mahali kupanda kunapoishia na mteremko unapoanzia, kulikuwa na meza ya maji, mwavuli, na msimamizi mwenye bendera na karatasi ya majina. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Roho Juu alimfikia akiwa hana pumzi.

"Namba kumi na nne amepita?"

Msimamizi akapitisha kalamu kwenye karatasi bila haraka. Kila mwendeshaji alikuwa ameondoka peke yake, dakika mbili baada ya mwenzake, kwa hiyo walipaswa kufika kwa zamu. "Kumi na tatu amepita. Kumi na nne bado."

"Mungu mkubwa," akasema Shemeji, akakaa chini kwenye lami.

Saa nne kamili ikafika. Barabarani hakuna mtu. Saa nne na dakika mbili akatokea mwanamke anayenyonga pedali kwa nguvu, wakamkimbilia, lakini alikuwa namba kumi na tano. Akanyakua chupa ya maji, akateremka. Saa nne na dakika tano akatokea mwingine. Kumi na sita.

Roho Juu akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama karatasi yake. Namba kumi na nne alikuwa amepitwa na watu wawili aliowatangulia, na mtu hapitwi hivyo bila sababu.

"Labda ameanguka huko chini," akasema Roho Juu. Alikuwa ameogopa mteremko tu. Hakuwa amewaza kwamba gurudumu linaweza kumwangusha hata kwenye tambarare, kwamba saa hizi anaweza kuwa amelala mtaroni huku wao wamesimama chini ya mwavuli.

"Ingekuwa hivyo ningepigiwa," akasema msimamizi, na akaitazama simu yake, akaitikisa, akaiweka tena mezani. Wa kumpigia ndio waandaaji walewale wasiopokea simu.

"Fundi akimtengenezea hapa inaruhusiwa?" akauliza Shemeji.

"Hapa mezani inaruhusiwa, yeyote. Saa haisimami, basi."

Saa nne na dakika tisa akatokea. Roho Juu alimjua kwa mabega kabla ya kuona uso. Alikuwa anapanda polepole, anayumba, amesimama juu ya pedali kama mtu anayekanyaga udongo wa tofali. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakutazama meza ya maji. Alitazama mbele tu, kule lami inakoinamia.

Hapo sasa. Alikuwa amefika, mzima, na hakuna kilichotokea. Ikiwa nati imeshikilia, mumewe anamsimamisha kwa mara ya pili, na ameshachelewa dakika zote hizo. Ikiwa haikushikilia, zimebaki mita hamsini kabla ya mteremko. Roho Juu aliona mambo yote mawili kwa pamoja, akaona na beseni la maji na maneno aliyoambiwa, na akaingia katikati ya barabara.

"Toka!" mkewe akapiga kelele.

Hakutoka. Breki zikalia, tairi la mbele likasimama kati ya magoti yake.

"Uliapa!"

"Niliapa. Shuka."

"Uliapa, wewe mwanamume!" Alishuka, siyo kwa kutii, ni vile miguu haikuwa na nguvu ya kubishana. Shemeji akaishika baiskeli. Roho Juu akapiga magoti, akalikamata gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa kushoto na kulia.

Halikucheza. Akalitikisa tena, kwa nguvu. Gurudumu lilikuwa imara kama nguzo.

Jamani, aibu! Alibaki pale kwa magoti, mikono kwenye tairi, hawezi kuinua uso. Shemeji akamtazama juu ya usukani na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakupata la kuchekesha.

"Nati haikukazwa," akasema Roho Juu, akiongea na lami. "Jana. Kila mmoja alidhani mwenzake..."

"Najua haikukazwa," akasema mkewe. "Mnadhani mimi sina macho? Alfajiri nilipoifuata karakana nilitikisa gurudumu, likacheza. Nikasema nikiwaita mtaanza upya, nani alisema nini Jumanne, nani anuniwe. Nikachukua spana nikakaza mwenyewe." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nani angepanda baiskeli iliyofungwa na watu wasiosemezana?"

Roho Juu alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka ardhi impasukie. Mzima! Alikuwa mzima, nati imekazwa, na yeye amemharibia tena. Akaliachia gurudumu na, kwa mazoea tu ya mikono, akalisukuma kwa kidole lizunguke.

Lilizunguka nusu, likasimama.

Akalisukuma tena. Nusu, likasimama. Akaweka sikio, akasikia gololi zinasaga.

"Ulikaza kwa spana ngapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Moja. Ile ya nati."

"Koni hukuishika?"

"Nani aniambie nishike koni? Huwa mnaishika nyinyi."

"Lahaula," akasema Shemeji.

Nati ilikuwa imeiburuta koni na kuisindilia juu ya gololi. Roho Juu akafyatua wenzo, akalitoa gurudumu, akaketi chini akaliweka mapajani. Shemeji akapiga goti mbele yake. Nati ikalegezwa. Koni ikarudi nyuma robo, ikaenda mbele unywele, vidole vikasikiliza. "Shika hapo, usipumue," akasema Shemeji. "Nisipumue mimi au wewe?" "Wote. Nakaza." Mishipa ikamtoka shingoni. Roho Juu akageuza ekseli kwa vidole viwili, akatikisa, akageuza tena. Msimamizi aliyekuwa anatazama saa yake anasema walitumia dakika moja na sekunde arobaini, na kwamba hajaona watu wakigombana kwa uzuri hivyo.

Gurudumu likarudi kwenye uma. Roho Juu akabana wenzo, akalitikisa, akalisukuma kwa kidole kilekile. Likazunguka. Likaendelea kuzunguka, kimya, spoku hazionekani. Wote watatu wakalitazama.

"Nenda," akasema Roho Juu. "Nenda, mke wangu. Baadaye utanisema unavyotaka. Nakukubalia hata huyo fundi mwingine."

Mkewe hakuondoka. Alikuwa bado anatazama lile gurudumu.

"Lilikuwa limebana hivyo tangu alfajiri?"

"Tangu ulipolikaza. Na kila ulivyokwenda lilizidi."

"Kilima chote?"

"Kilima chote."

"Kwa hiyo haikuwa miguu yangu," akasema.

Roho Juu akainua kichwa. Ndipo alipoona kitambaa cha namba mgongoni mwa mkewe kinaning'inia upande mmoja. Pini mbili za juu zilikuwa zimefunguliwa.

"Kumi na tano aliponipita nilijua nimekwisha," mkewe akasema, polepole, kama anayemsimulia mtu mwingine. "Nikasukuma kwa roho yote, baiskeli haiendi. Nikajiambia basi, mama, umezeeka, ulikuwa unajidanganya miaka yote hii. Nililia kona tatu. Nikaanza kufungua namba huku naendesha. Nilitaka nikifika hapa niitupe, niteremke taratibu kama mtu anayetoka dukani, na nisipande tena."

"Umepanda kilima na gurudumu limebana, sawasawa na breki imekamata," akasema Shemeji. "Dada, kilima kizima umepanda na breki imekamata, na waliokupita ni wawili tu!"

Msimamizi akakohoa, akasema kwa upole kwamba hataki kuwaharakisha lakini namba kumi na saba anaonekana kule chini, na kwamba, kusema ukweli, kwa saa ilivyo sasa, hata akiteremka kama risasi hawezi tena kuingia kwenye wanne wa kuchukuliwa.

"Najua," akasema mwanamke yule. Akapanda baiskeli, akaweka mguu mmoja kwenye pedali, na akampa mumewe mgongo. Akafungua kiganja cha kushoto. Pini mbili zilikuwa zimemwachia alama nyekundu nyamani.

"Nifungie namba yangu," akasema.